Deni, Ukweli na Kibali cha Siri za Serikali



Mada hii niliisoma kwanza katika darsa letu la Alhamisi baada ya swala ya Isha, mbele ya ndugu wachache waliobaki msikitini, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwenda kujisomea mitihani. Baadhi yao waliniomba niiandike, na wahariri wa jarida wakanipa kurasa. Nimeongeza mambo ambayo usiku ule sikuyasema, likiwemo moja ambalo niliona haya kulisema mbele za watu.

Swali lenyewe ni hili: kwa nini serikali kubwa kama ya Marekani, kabla ya kumruhusu mtu kufungua faili la siri, inamuuliza kama amelipa bili ya hospitali?

Sikulipata swali hili darasani, ingawa ninasoma sheria. Nililipata kwa simu, saa saba za usiku. Familia yetu asili yake ni Fizi, Kivu ya Kusini. Vita vilipotutawanya, sisi tuliangukia Uganda, na mjomba wangu na watoto wake wakavuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mtoto wake mkubwa, ambaye mimi namwita kaka, baadaye alipelekwa Marekani pamoja na wakimbizi wengine. Alifanya kazi usiku kwenye maghala ya mizigo, akapata uraia, akasomea mitandao ya kompyuta kwenye chuo cha mtaani kwao. Kisha kampuni moja yenye mkataba na jeshi ikamwahidi kazi ambayo mshahara wake ni karibu mara mbili ya ule wa ghala. Sharti lilikuwa moja: apate kwanza kibali cha usalama.

Usiku ule alikuwa amekaa mbele ya fomu. "Mdogo wangu," akaniambia, "hapa wananiuliza kama nina deni lililopita siku 120 bila kulipwa. Ninayo matatu. Niandike au nisiandike?"

Nitarudi kwenye jibu nililompa. Kwanza tuelewe fomu yenyewe.

Kibali na fomu yake

Kibali cha usalama ni uamuzi wa serikali kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa na siri za taifa. Kule Marekani vina ngazi tatu, kuanzia siri ya kawaida, kisha siri kubwa, hadi siri ya juu kabisa. Kadiri madhara ya siri kuvuja yanavyokuwa makubwa, ndivyo ngazi inavyopanda. Hawapewi wanajeshi na majasusi tu. Fundi wa kompyuta, mkalimani, mhandisi na hata mfagiaji wa jengo fulani anaweza kukihitaji, maadamu anapita mahali penye siri. Kwa kawaida ni lazima mtu awe raia.

Fomu inaitwa SF-86, na ni ndefu sana. Inauliza ulikoishi, ulikosoma, ulikofanya kazi, safari zako nje ya nchi na ndugu zako walioko nje. Jina langu mimi liliingia humo, kama mgeni ambaye mwombaji anawasiliana naye kwa karibu. Inauliza pia kama umewahi kumsaidia kwa fedha mtu asiye raia wa Marekani. Hebu fikirini swali hilo anapoulizwa Mkongomani yeyote aliyeko ughaibuni! Kila mwezi anatuma.

Sehemu ya 26 ndiyo ya fedha. Inauliza kama katika miaka saba iliyopita umewahi kuomba mahakama ikutangaze umefilisika, kama umewahi kuingia matatani kwa ajili ya kamari, kama umeacha kulipa kodi au hata kupeleka hesabu za kodi, kama mali yako imechukuliwa na aliyekukopesha, na kama unalo deni lililopita siku 120. Majibu hayo hupimwa kwa miongozo 13, iliyopewa herufi A hadi M, na nakala inayotumika sasa ilianza kufanya kazi Juni 2017. Wa fedha ni Mwongozo F. Katika mashauri ya kunyimwa vibali, huu ndio unaotajwa mara nyingi kuliko mingine. Watu hudhani kinachowaangusha waombaji ni urafiki na maadui au ulevi. Kumbe wengi wanaangushwa na mikopo.

Hofu mbili

Ukisoma Mwongozo F utaona wameogopa mambo mawili, na inafaa kuyatenganisha.

Hofu ya kwanza ni rahisi: mwenye dhiki hununulika. Historia yao wenyewe imewafundisha. Mwishoni mwa 1967 afisa wa jeshi la majini aitwaye John Walker, ambaye baa yake huko South Carolina ilikuwa inamtia hasara, aliingia ubalozi wa Urusi ya Kisovieti mjini Washington akauza funguo za mawasiliano ya siri ya jeshi. Aliendelea na biashara hiyo hadi alipokamatwa Mei 1985. Mwaka huohuo wa 1985, mwezi Aprili, Aldrich Ames wa CIA aliingia ubalozi uleule. Alikuwa ameelemewa na madeni baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika, na matumizi ya mchumba wake yalizidi mshahara. Alitaka dola 50,000 tu, alipe madeni, basi. Alizipata. Lakini baada ya kupokea hizo hakuweza kuacha tena, na wala hakutaka. Aliwataja watu waliokuwa wakiifanyia kazi Marekani ndani ya Urusi, na wengi wao wakauawa.

Jambo la Ames linaloshangaza zaidi ni lile lililofuata. Alinunua nyumba kwa fedha taslimu, dola 540,000, akaendesha gari aina ya Jaguar, naye ni mtumishi wa serikali asiyefikisha hata dola 100,000 kwa mwaka. Wenzake waliambiwa kwamba mali hiyo ni ya ukwe zake huko Kolombia, wakaridhika kwa miaka. Alipimwa kwa mashine ya kutambua uongo mwaka 1986 na tena 1991, akapita. Alikamatwa Februari 1994, akahukumiwa kifungo cha maisha. Ndiyo maana leo Mwongozo F hautazami mwenye deni peke yake. Unamtazama pia aliyetajirika ghafla bila maelezo.

Ila Walker na Ames ni wachache mno. Mamilioni ya Wamarekani wana madeni na hawajawahi kuikaribia geti ya ubalozi wowote. Kama hofu ingekuwa hiyo peke yake, swali la bili ya hospitali lingekuwa la kuonea watu.

Hofu ya pili ndiyo nzito, nayo inahusu tabia. Mtu aliyekopa aliahidi. Asipolipa, na asiseme chochote, na asipokee simu, na akahama bila kuacha anwani, basi ametuonyesha jinsi anavyozichukulia ahadi pale ambapo hakuna anayemwona. Na kutunza siri ni ahadi ya namna hiyo hiyo. Wanajiuliza: huyu aliyeshindwa kufuata masharti ya mkopo aliyoyasaini mwenyewe, atafuata masharti ya kabati la siri?

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipokumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) alikuwa ndani ya swala akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na madhambi na madeni. Akaulizwa mbona anajikinga sana na madeni. Jibu lake halikutaja umasikini wala fedheha. Alieleza kwamba mtu akishadaiwa, akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Tangu nisome mashauri ya vibali nimeielewa hadithi hii upya. Shida ya deni imewekwa kwenye ulimi kabla ya mfuko.

Wanaosoma elimu ya hadithi watalijua jambo la karibu na hili. Wanazuoni wa jarh na taadil waliowachunguza wapokezi hawakuuliza tu kama mtu ana kumbukumbu nzuri. Waliuliza uadilifu wake katika maisha ya kila siku, kwa sababu anayejulikana kwa uongo baina yake na watu hakuaminiwa kubeba maneno ya Mtume. Sisemi mambo haya mawili yana hadhi moja, haasha. Nasema hoja ya kumpima mwenye amana kwa muamala wake wa kila siku si ngeni kwetu.

Asiyeweza na asiyetaka

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui: hakuna kiwango cha deni kinachomnyima mtu kibali moja kwa moja, na hakuna kiwango kidogo kinachomwokoa. Mashauri ya wafanyakazi wa kampuni husikilizwa na ofisi maalumu ya Wizara ya Ulinzi yenye mahakimu wake, na hukumu zake huchapishwa hadharani zikiwa zimeondolewa majina. Nimezisoma nyingi kuliko nilivyotakiwa, wiki ambayo nilipaswa kuwa nasoma sheria ya mikataba. Humo utakuta mtu mwenye deni la makumi ya maelfu ya dola amepewa kibali, na mwingine mwenye madeni madogo madogo amenyimwa.

Tofauti iko kwenye sababu na mwenendo. Mwongozo wenyewe unataja yanayopunguza uzito wa kosa. Deni likitokana na jambo lililo nje ya uwezo wa mtu, kama kuachishwa kazi, ugonjwa, talaka, kifo au kuibiwa utambulisho, na yeye akatenda kwa uwajibikaji ndani ya hali ile, hilo linahesabiwa. Akienda kwa mshauri wa madeni anayetambulika, na ikaonekana mambo yanarudi kwenye mstari, linahesabiwa. Akianza kwa nia njema kuwalipa wadai, au akawa na mpango anaoufuata, linahesabiwa. Akilipinga deni kwa sababu ya maana na ana karatasi za kuthibitisha, linahesabiwa. Hawamtaki awe amemaliza kulipa, la. Wanataka waone ana mpango, na kwamba ameanza kuutekeleza. Tena anayeanza kulipa baada ya kuandikiwa barua hupata uzito mdogo kuliko aliyeanza kabla hajaulizwa na mtu.

Si vigumu kuona jinsi hili linavyokaribiana na tulichofundishwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 280, tumeamriwa kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Wakati huohuo hadithi sahihi inahesabu kuwa dhuluma pale mwenye uwezo anapochelewesha kulipa. Asiyeweza ana hukumu yake, na asiyetaka ana hukumu yake. Wanaochanganya hawa wawili, wawe wadai au wadaiwa, ndio wanaoharibu mambo.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani mfumo ule ni wa uadilifu mtupu. Mzigo wa kuthibitisha kwamba umebadilika ni wa mwombaji, na shaka ikibaki inaamuliwa kwa kupendelea usalama wa taifa, si kwa kumpendelea yeye. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema mwaka 1988, katika shauri la Egan, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali. Na deni halimpati tajiri na masikini kwa usawa. Mtoto wa tajiri akiugua, babaye analipa. Mkimbizi akiugua, bili inakaa mezani. Kaka yangu alifika Marekani akiwa tayari na deni, kwa sababu wakimbizi wanaopelekwa kule husaini kulipa nauli yao ya ndege kidogo kidogo. Namshukuru Mungu mkopo ule hauna riba, na aliumaliza kwa wakati. Ukabaki kwenye rekodi yake kama shahidi mwema.

Nilichomshauri

Madeni matatu yalikuwa haya. Bili ya hospitali ya dola 4,100, mkewe alipojifungua kwa upasuaji. Kadi ya mkopo ya dola 6,300. Kadi nyingine ya dola 1,900 aliyoisahau hadi alipotafuta rekodi yake.

Ile ya dola 6,300 naijua vizuri. Ndani yake mna gharama za mazishi ya bibi yetu, na mna ada yangu ya mihula miwili. Nilipokosa ada nilimwandikia yeye. Hakuniambia alikozitoa. Alisema tu, "Utanirudishia ukianza kazi," nami nikashukuru, nikasahau, kama tunavyosahau sote tukidhani ughaibuni fedha zinaokotwa.

Kwa hiyo usiku ule aliponiuliza aandike au asiandike, aliyekuwa anaulizwa ni mmoja wa waliomtia kwenye deni. Na mimi, mwanafunzi wa sheria, katibu wa darsa, nilimjibu hivi: "Andika la hospitali, maana hilo lina udhuru. Zile kadi ziache. Nani atajua?"

Hili ndilo nililoona haya kulisema msikitini.

Alinyamaza kidogo, akasema atafikiria. Siku tatu baadaye aliniambia ameandika yote. Mkewe alikuwa amemwuliza swali moja tu: ukipata kazi hiyo kwa kuficha, kila wakikuita ofisini si utadhani wamegundua?

Sasa najua ushauri wangu ungemfanya nini. Wapelelezi huchukua rekodi za mikopo kutoka taasisi zinazozikusanya, na kadi zote mbili zilikuwemo. Deni lililofichwa huwa si tena shauri la Mwongozo F. Linahamia Mwongozo E, unaohusu ukweli na mwenendo binafsi, na huko kutoka ni kugumu zaidi, kwa kuwa bili inaweza kulipwa kwa awamu lakini uongo hauna awamu. Tena kusema uongo kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Na hata mtu akipita leo, haponi. Zamani mwenye kibali alichunguzwa upya kila baada ya miaka kadhaa, lakini siku hizi rekodi zinafuatiliwa mfululizo, na deni jipya linaweza kuonekana mapema bila yeye kuulizwa.

Suala la riba

Kwenye darsa ndugu mmoja alisimama akasema: "Huyo kaka yako aliingia kwenye riba, yamemkuta ya riba. Kuna somo gani jingine?"

Sikumpinga kuhusu hukumu. Riba ni haramu na kadi zile zina riba, na yeye mwenyewe anajutia. Lakini nilimwomba ndugu huyo atazame upande wetu. Jamaa tulikuwa watu kumi na tisa tuliokula matanga ya bibi. Mimi nilikaa darasani kwa ada ile. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza fedha imetoka wapi. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, wenye kuelemewa na madeni wametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Mimi kwenye jumuiya yetu hii nimekuwa kiongozi kwa miaka miwili, na sijawahi kuona tukikaa kuulizana nani kati yetu anadaiwa. Tunachangia harusi, tunachangia futari, na ni vizuri. Mwenye deni hujificha, nasi tunamwacha ajifiche.

Huku kwetu

Mnaweza kusema Marekani ni mbali. Kenya si mbali. Tangu Katiba ya 2010 na Sura yake ya Sita inayohusu uadilifu wa viongozi, waombaji wa kazi nyingi za umma wamekuwa wakitakiwa kuleta vyeti kadhaa: cha polisi cha tabia njema, cha tume ya maadili, cha mamlaka ya kodi, cha HELB kwamba mkopo wa masomo unalipwa, na cha taasisi za taarifa za mikopo, ile CRB ambayo kila kijana wa Nairobi anaijua. Vijana wengi wamelalamika, na wana haki: unamnyima mtu kazi kwa kuwa hajalipa, na hajalipa kwa kuwa hana kazi. Wakopeshaji wa simu walifika mahali wakawa wanapeleka majina ya watu kwa visenti, hata Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikazuia madeni yasiyofika shilingi 1,000 yasiorodheshwe, na ikawafungia mlango wakopeshaji wa mtandaoni wasiosimamiwa na mtu.

Hapa Uganda nako benki huulizia rekodi yako ya mikopo kabla ya kukukopesha, na ibara ya 80 ya Katiba inamzuia aliyetangazwa amefilisika asiwe mbunge mpaka aondolewe hali hiyo. Ya Kenya inasema hivyo hivyo katika ibara ya 99. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi ipo, na baadhi yenu mnayo.

Lakini sisemi na wabunge. Nasema na wewe uliyekopa 50,000 kwenye simu ili ubeti mechi ya Jumamosi, halafu ukabadilisha laini. Nasema na dada aliyechukua mkopo kwa jina la mwenzake wa chumbani. Na wewe uliyepewa mkopo wa masomo na hujawahi kusoma karatasi uliyosaini, wala hujui ni lini unatakiwa kuanza kulipa. Kaisome leo. Ukishaona tarehe unayoweza kushindwa, mwandikie mdai kabla ya tarehe, si baada. Weka nakala ya ulichoandika. Karatasi ya kuomba muda, iliyopelekwa mapema, ndiyo inayotafutwa na kila hakimu ambaye hukumu yake nimeisoma, na mara nyingi ndiyo haipo.

Karatasi yetu

Miezi tisa baada ya kujaza fomu, kaka yangu alipata barua ndefu yenye sababu za kumtilia shaka, deni moja moja likiwa na namba yake. Alipewa siku 20 za kujibu. Aliweza kuomba hukumu kwa maandishi tu, lakini akachagua kusikilizwa ana kwa ana na hakimu. Hospitali ilikubali alipe dola 115 kwa mwezi, na alikuwa ameanza kabla ya barua. Kadi ndogo ameimaliza. Ya tatu yuko kwenye makubaliano kupitia shirika la ushauri wa madeni lisilo la kibiashara. Kampuni haikuweza kumsubiri, ikamweka mtu mwingine, ingawa imemwambia arudi akipata kibali. Kwa sasa bado yuko ghalani.

Wiki iliyopita alinipigia akiniomba kitu kimoja. Mwanasheria anayemsaidia anataka uthibitisho wa mahali fedha za kadi zilikokwenda. Risiti zangu za ada ninazo, hiyo ilikuwa rahisi. Ila walitaka pia maandishi kwamba zilikuwa mkopo, na hatukuwahi kuandika chochote. Rafiki yangu mmoja, mtu mwema kabisa, akapendekeza tutengeneze karatasi yenye tarehe ya miaka minne nyuma. Nilimwelewa. Ni aina ya ushauri ambao mimi mwenyewe niliwahi kuutoa.

Tuliandika Jumapili baada ya Adhuhuri. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inamtaka mdaiwa ndiye atamke na mwandishi aandike, kwa hiyo mimi nilitamka na mwenzangu wa chumbani akaandika: kiasi, kwamba nilikipokea mwaka ule kwa maneno ya kurudisha nikianza kazi, kwamba hakukuwa na maandishi wakati huo, na kwamba nimeanza kulipa shilingi 100,000 kwa mwezi kutoka kwenye masomo ya ziada ninayofundisha. Ndugu wawili wa darsa walisaini kama mashahidi. Tarehe tuliyoweka juu ni ya Jumapili ile.